Kupakia risasi upya nyumbani: maswali yanayoulizwa kila mara

Wakuu, maswali haya yanarudi kila siku kwa wanaoanza, na hata waliozoea wanayauliza kimyakimya, kwa hiyo nimeyaweka pamoja hapa. Kitu kimoja kabla hatujaanza: hutakuta vipimo vya baruti humu, hivyo vinatoka kwenye kitabu cha vipimo cha mtengenezaji, na nitaeleza chini kwanini nasisitiza.

Hivi kupakia risasi upya ni nini hasa?

Risasi nzima ina vitu vinne tu. Kuna ganda, kuna praima ambayo ni kile kikofia kidogo kitakoni kinachowaka kikipigwa na pini, kuna baruti ndani, na kuna kichwa chenyewe kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Ukifyatua, praima imekwisha, baruti imeungua, kichwa kimeondoka, ila ganda limebaki, tena ndo sehemu ghali kuliko zote. Kwa hiyo watu wanaliokota, wanalisafisha, wanalirudisha saizi yake, wanaweka praima mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Basi, hiyo ndo hobi yote, yaliyobaki ni kupima na kuchungulia, kupima na kuchungulia, mpaka mtu asiye na subira anaacha mwenyewe.

Ni halali?

Inategemea uko wapi, na hili usibahatishe. Marekani mtu anayepakia kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu, akitaka kuuza ndo anatakiwa awe na leseni ya utengenezaji. Ujerumani hugusi baruti mpaka uwe na kibali chini ya sheria ya vilipuzi, na kibali unakipata baada ya kusoma kozi na kufanya mtihani. Kuna nchi nyingine kutengeneza risasi nyumbani ni jinai moja kwa moja hata kama bunduki yako ina leseni safi, yaani leseni ya silaha na ruhusa ya kutengeneza risasi ni vitu viwili tofauti. Uliza ofisi inayotoa leseni za silaha kwenu KABLA hujanunua hata praima moja, na ukiambiwa hapana basi ni hapana.

Inaokoa hela kweli?

Kwa risasi moja moja, ndio, hasa za raifo zile kubwa na zile adimu ambazo dukani hazipatikani. Kwa 9mm ya kawaida, ile risasi ya bastola, tofauti ni ndogo sana na ukihesabu muda wako unaweza kukuta umepata hasara. Alafu kuna jambo watu hawalisemi: ukianza kupakia unapiga shabaha mara nyingi zaidi, kwa hiyo mwisho wa mwaka hela iliyotoka ni ileile au zaidi, ila umefyatua sana. Kama sababu yako ni hela peke yake mi nakushauri ufikirie tena. Sababu nzuri ni kwamba unapata risasi iliyotengenezwa kwa ajili ya mtutu wako wewe, na kwamba unapenda kazi ya mikono ya taratibu.

Nyumba si italipuka?

Swali la kila mke, kila mume na kila mwenye nyumba. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ukiiwasha mahali pa wazi inaungua kwa kasi na moto mkali lakini hailipuki, ili ilipuke lazima ifungiwe mahali pagumu presha ipande. Ndo maana watengenezaji wanaiuza kwenye makopo ya plastiki au karatasi ngumu, moto ukitokea kopo linapasuka mapema kabla presha haijajikusanya. Ukienda kuihamishia kwenye chuma kilichofungwa kabisa kwa nia njema ya kuilinda, umejitengenezea bomu.

Baruti nyeusi ni habari nyingine kabisa. Ile ya zamani ya chumvi ya shura, mkaa na kiberiti inashika moto kwa cheche ndogo tu na inahesabiwa kama kilipuzi. Anayeanza aachane nayo.

Ila kinachonitia wasiwasi mimi kuliko baruti ni praima. Praima ni kilipuzi, kidogo lakini kilipuzi kamili, na zikiwa nyingi zimemwagwa pamoja kwenye chupa ya kioo moja ikilia zinalia zote kwa mkupuo. Ziache kwenye trei zake za kiwandani ambazo zimezitenganisha, hiyo trei haikuwekwa kwa urembo.

Nianze na vifaa gani?

Presi moja (mashine ya kuvuta kwa mkono inayosukuma ganda), seti ya dai za saizi ya risasi yako (kalibu za chuma ambazo ganda linaingizwa ndani yake), kishikio cha ganda kinachoendana nazo, mizani inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya greni, kalipa ya kupimia urefu, faneli, ubao wenye matundu wa kusimamishia maganda, na kitabu cha vipimo. Kwa raifo ongeza kifaa cha kukatia maganda yaliyorefuka, kile cha kulainisha mdomo ndani na nje, na mafuta ya kupaka maganda. Nyundo ya kuchomolea vichwa, ile ya kufungulia risasi ulizokosea, nunua siku hiyohiyo, utaihitaji, usijidanganye.

Greni ni kipimo cha uzito, greni 7,000 ni ratili moja, na gramu moja ni kama greni 15.4. Kwa hiyo sehemu ya kumi ya greni ni kitu kidogo mno, upepo wa feni unatosha kuisogeza mizani. Zima feni. Mizani ya digitali iache iwake muda kabla ya kuitumia, ikague kwa jiwe lake la uzito unaojulikana mwanzoni, katikati na mwisho wa kazi, na simu iweke mbali nayo kwasababu baadhi ya mizani zinayumba simu ikiwa karibu. Wengine tunabaki na ile ya mkono wa kuning'inia, haina betri, ni polepole, haikudanganyi ukiiweka sawasawa.

Presi ya aina gani, ya hatua moja au ile inayofanya kila kitu kwa pamoja?

Ya hatua moja. Najua umeona video za zile zinazotoa risasi kila ukivuta mkono, ni nzuri, zinapakia mamia kwa saa, lakini kuna vitu vinne vitano vinatokea kwa wakati mmoja na wewe hujajua bado kimoja kikiharibika kinasikikaje. Ya hatua moja inakulazimisha uguse kila ganda mara kadhaa na kila ukiligusa unaliona. Na haitapotea kazi, hata ukinunua kubwa baadae hii ndogo itabaki inafanya kazi za raifo. Dai nyingi zina nyuzi za kipimo kimoja, kwahiyo zinahamia kwenye presi nyingine bila shida.

Maganda gani yanafaa?

Ya shaba ya njano, ule mchanganyiko wa shaba na zinki wa karibu asilimia 70 kwa 30, kwasababu yanavutika na kurudi bila kupasuka haraka. Ya aluminiamu tupa. Ya chuma wengi tunayaacha pia.

Alafu chungulia ndani kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati ya kitako hiyo ni mfumo wa Boxer, pini ya dai inapita hapo inaisukuma praima ya zamani nje, safi. Ukiona vitundu viwili vidogo pembeni hiyo ni Berdan, na pini yako itagonga kitako na kupinda au kuvunjika. Kuna kichekesho hapa, Hiram Berdan alikuwa Mmarekani na Edward Boxer alikuwa Mwingereza, wote walileta mifumo yao miaka ya 1860, lakini Wamarekani wakashika ule wa Mwingereza na Ulaya ikatumia sana ule wa Mmarekani. Kwa mpakiaji wa nyumbani Boxer ndo rahisi.

Maganda ya kuokota uwanjani ambayo hujui historia yake yachambue moja moja. Yaliyopasuka mdomo, yaliyovimba karibu na kitako, yaliyoungua, yote nje. Ya jeshi mara nyingi praima imekabwa pembeni, baada ya kuitoa lazima uondoe ule ukingo la sivyo praima mpya haitaingia sawa.

Ganda moja linapakiwa mara ngapi?

Hakuna namba. Ganda la .38 Special, risasi ya rivolva, ambalo presha yake ya juu ni 17,000 PSI (pauni kwa kila inchi ya mraba) linaweza kwenda mara nyingi sana mpaka mdomo upasuke wenyewe, wakati .308, ambayo ni ya raifo, inafanya kazi kwenye 62,000 PSI na ganda lake linachoka upesi, hasa ukiwa na mkono mzito wa kulirudisha saizi kupita kiasi kila mara.

Hili la raifo nalieleza kwa urefu maana ndo linaumiza watu. Kila ukifyatua ganda linavutika kidogo, shaba inatembea kutoka chini kwenda mdomoni. Ndo maana ganda linarefuka na unalikata, lakini ile shaba uliyoikata juu imetoka wapi? Imetoka chini, juu kidogo ya kitako, na pale ukuta unakuwa mwembamba kwa ndani ambako huoni. Siku moja ganda linakatika vipande viwili chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) ikiwa imefungwa na gesi inarudi nyuma usoni kwako. Dalili ya nje ni mstari unaong'aa unaozunguka ganda, karibu na kitako. Dalili ya ndani unaipata hivi: chukua waya mwembamba wa kushikia karatasi, unyooshe, pinda ncha yake iwe kama ndoano fupi na uichongoe, ingiza ndani ya ganda mpaka chini alafu uivute polepole juu ukiikandamiza kwenye ukuta. Ganda zima waya unateleza. Ganda lililokonda utasikia kwenye vidole waya unadumbukia kwenye mfereji kisha unatoka. Ukisikia hivyo liponde kwa koleo ulitupe, usiliweke pembeni kwamba utaliangalia tena, litarudi kundini.

Mdomo nao unakakamaa kwa kupanuliwa na kubanwa kila mara, wengine wanaupasha moto ili shaba ilainike tena. Inasaidia, ila moto usifike kitakoni hata kidogo, kitako laini hakihimili presha.

Kazi yenyewe inaendaje?

Kwa bastola: kagua, safisha, pitisha kwenye dai ya saizi ambayo pia inatoa praima kuukuu, panua mdomo kidogo tu kama kengele, weka praima mpya, weka baruti, kalisha kichwa, kaba mdomo. Dai za bastola siku hizi nyingi zina pete ya kabaidi, kitu kigumu sana kinachoteleza, kwa hiyo hupaki mafuta.

Kwa raifo unapaka mafuta, tena kidogo kidogo, yakizidi yanatia bonde kwenye bega la ganda, pale linapoanza kukonda kuelekea mdomoni, yasipokuwepo ganda linang'ang'ania ndani ya dai na jioni yako imeishia hapo. Baada ya saizi unafuta mafuta yote, unapima urefu, .308 isizidi milimita 51.18, iliyozidi inakatwa na mdomo unalainishwa ndani na nje. Ganda refu kupita kiasi mdomo wake unabanwa na mwisho wa chemba, haufunguki kuachia kichwa, presha inaruka.

Praima isikie ikikaa, yaani ikifika chini mkono unahisi. Pitisha kidole juu ya kitako, iwe sawa na shaba au chini yake kidogo tu, ikijitokeza juu rudia. Nje ya kitako ni hatari, kwa semi-otomatiki inaweza kulia bolti (chuma kinachofunga chemba) ikifunga kabla hujagusa kifyatulio.

Praima si ni praima tu?

Hapana bana. Kuna ndogo za karibu milimita 4.45 na kubwa za karibu 5.33, na kila saizi ina za bastola na za raifo. Kikofia cha raifo ni kigumu zaidi kwasababu presha ni kubwa. Kubwa ya raifo pia ni ndefu kuliko kubwa ya bastola, ukiiweka kwenye ganda la bastola inatokeza. Alafu kuna za magnum zenye moto mkali zaidi. Ukibadilisha aina au hata kampuni ya praima, umebadilisha presha, unarudi kuanza chini upya.

Na baruti? Naona majina kibao

Tangu Mfaransa Paul Vieille alipotoa baruti isiyo na moshi mwaka 1884 watu hawajaacha kutengeneza aina mpya. Zingine msingi wake ni nitroselulosi peke yake, zingine imeongezwa nitrogliserini. Kinachokuhusu wewe ni kasi ya kuungua. Bastola yenye mtutu mfupi na kichwa chepesi inataka ya haraka, raifo yenye ganda kubwa na kichwa kizito inataka ya taratibu, inayoendelea kusukuma kichwa kikiwa njiani. Ukijaza ganda la raifo baruti ya haraka ya bastola umeharibu bunduki, na huenda na mikono.

Zote ukiziangalia ni punje nyeusi au za kijivu, vijiti vidogo, vipande bapa, vitufe. Huwezi kuzitambua kwa macho. Kwa hiyo sheria ya mezani: kopo MOJA tu la baruti juu ya meza, mengine kabatini. Ukimaliza unairudisha kwenye kopo lake siku hiyohiyo, usiiache kwenye kipimia mpaka kesho maana kesho utakaa unajiuliza ni ipi. Baruti isiyo na jina haitumiki. Hata kama ni kopo zima.

Jamaa yangu ana kipimo kizuri sana, nikikitumia je?

Usikitumie. Kipimo chake ni cha mtutu wake, maganda yake, praima yake, kichwa chake na bahati yake. Tumia kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, chapa mpya, wengi wanaweka vipimo vyao bure kwenye tovuti zao. Unaanza kwenye kipimo cha chini kilichoandikwa, kama wameandika cha juu tu basi unashuka asilimia 10 kutoka hapo, alafu unapanda kwa hatua ndogo, risasi chache kila hatua, ukikagua maganda kila unapopanda.

Angalizo moja, kuna baruti za taratibu za magnum, yaani za risasi zenye nguvu zaidi, ambazo mtengenezaji anakataza kushusha chini ya alichoandika kwasababu zikiwa kidogo haziungui vizuri na kichwa kinaweza kubaki mtutuni. Soma maelezo madogomadogo ya pembeni, ndo yenye mambo.

Na ukibadilisha kitu chochote kimoja kati ya vile vinne unaanza chini tena. Kichwa cha uzito uleule kutoka kampuni nyingine kina umbo tofauti na urefu tofauti unaoshika mtutu, si kitu kilekile.

Naogopa kuweka baruti mara mbili kwenye ganda moja

Vizuri, endelea kuogopa. Ganda la 9mm likiwekwa kipimo cha baruti ya haraka mara nyingi hata nusu halijai, maana yake kipimo mara mbili kinaenea ndani na kichwa kinakaa juu yake bila tatizo. Kwa nje huoni kitu. Kwenye mizani risasi nzima inaweza kukupotosha pia, kwasababu maganda yenyewe yanatofautiana uzito.

Dawa iko kwenye ule ubao wa matundu. Maganda yote yasiyo na baruti yanasimama kichwachini upande wa kushoto. Unachukua moja, unaligeuza, unaweka baruti, unalisimamisha kwenye ubao wa kulia mdomo juu. Ubao ukijaa unachukua tochi na unapita mstari kwa mstari ukichungulia kila ganda, baruti inatakiwa iwe imefika kimo kimoja kote. Lililo juu zaidi ya wenzake au tupu linaonekana hapohapo, jicho halihitaji mizani kwa hilo. Ndo unakalisha vichwa sasa, sio kabla. Wengine wanachagua kwa makusudi baruti yenye ujazo mkubwa ili kipimo mara mbili kimwagike nje ya ganda, na mi naona hiyo ni akili nzuri kuliko ujanja wote.

Mtu akikuongelesha katikati, simama. Ganda lililokuwa mkononi limwage uanze nalo upya. Redio inavumilika, TV hapana, na pombe hata nusu glasi hapana.

Nimefyatua ikalia "pu" badala ya mlio wake. Niendelee?

ACHA. Usifyatue nyingine. Huenda ganda halikuwa na baruti, praima peke yake inaweza kukisukuma kichwa mpaka kikaingia mtutuni na kukwama pale. Ukifyatua nyingine nyuma yake mtutu unavimba au unapasuka. Elekeza silaha mahali salama, subiri nusu dakika hivi isije ikawa imechelewa kuwaka, toa magazini, toa risasi, hakikisha chemba tupu, alafu fungua silaha upitishe fimbo ya kusafishia mtutu mzima. Ikigonga kitu ndo chenyewe. Kwenye mashindano ya kupiga kwa haraka hapa ndo silaha zinapoharibika, mkono umeshazoea kuvuta tena kabla sikio halijaelewa.

Na risasi zote za kundi hilo hazipigwi tena, zinaenda kwenye nyundo ya kuchomolea.

Nitajuaje presha imezidi?

Bolti inakuwa nzito kufungua. Praima inalala bapa mpaka kona zake za mviringo zinapotea, au shimo la pini linakuwa na ukingo ulioinuka kama mdomo wa volkano. Kitako cha ganda kinapata alama inayong'aa ya kitoa-ganda. Praima inaingia kilegelege ganda hilohilo likipakiwa tena, maana kitako kimepanuka. Ukiona moja ya hizi shuka, usiseme ngoja nimalizie zilizobaki.

Shida ni kwamba dalili hizi zinachelewa na wakati mwingine hazionekani kabisa, hasa kwenye bastola. Kronografu, kifaa cha kupima kasi ya kichwa, inasaidia sana hapo: kama kitabu kinasema kipimo cha juu kinatoa kasi fulani na wewe umeshaifikia kasi hiyo wakati kipimo bado kiko chini na mtutu wako si mrefu kuliko wao, presha umeshaifikia pia, hakuna kasi ya bure.

Urefu wa risasi nzima una umuhimu gani zaidi ya kuingia kwenye magazini?

Mkubwa, hasa bastola. Ganda la 9mm lina nafasi ndogo na presha yake ya juu ni 35,000 PSI, ukizamisha kichwa ndani zaidi kidogo tu nafasi inapungua na presha inapanda kwa ukali. Hata risasi uliyoipakia vizuri inaweza kujizamisha yenyewe, ukiwa na tabia ya kuitoa chemba na kuirudisha ileile kila siku inagonga njia ya kuingilia mpaka kichwa kinarudi ndani. Bonyeza kichwa kwa nguvu ya kidole gumba kwenye ukingo wa meza, pima kabla na baada, isisogee.

Kukaba mdomo nako watu wanazidisha. 9mm na .45 ACP zinasimama kwenye chemba kwa mdomo wa ganda, kwa hiyo unanyoosha tu ile kengele ya mdomo, huukunji ndani. Rivolva kama .357 Magnum ndo inakunjwa ndani ya mfereji wa kichwa ili vichwa visichomoke kwa mshtuko na kuzuia silinda isizunguke.

Risasi zangu hazikusanyiki kwenye shabaha, kitu gani kibaya?

Kabla ya kulaumu baruti angalia skrubu za darubini. Kisha angalia maganda, umechanganya kampuni? Unene wa ukuta unatofautiana kwa hiyo nafasi ya ndani inatofautiana. Kisha umbali wa kichwa mpaka kinapoanza kushika mifereji ya mtutu, badilisha kidogokidogo kitu hicho kimoja peke yake. Na usihukumu kipimo kwa risasi tatu, tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati tu na kesho yake zikatawanyika.

Ledi inadhuru?

Inadhuru na wengi wanaidharau. Praima nyingi zina mchanganyiko wa ledi, ile metali nzito yenye sumu, mabaki yake yako ndani ya kila ganda lililofyatuliwa, na vumbi la mashine ya kusafishia maganda ndo baya zaidi kwasababu unalivuta puani. Chekecha maganda nje penye hewa au tumia njia ya maji yenye vipini vya chuma. Nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula, usivute sigara mezani, kwa sababu mbili unazozijua. Watoto na wajawazito wasikae chumba hicho, nguo za kazi zisichanganywe na za familia. Daktari anaweza kupima kiwango cha ledi kwenye damu, wapakiaji wa muda mrefu wapime.

Nazihifadhi vipi?

Baruti na praima kwenye vifungashio vyake, mahali pakavu pasipo na joto, kila moja peke yake, pamefungwa kwa ufunguo. Risasi zilizokamilika kwenye boksi lenye karatasi: tarehe, baruti na kipimo chake, praima, kichwa, aina ya ganda na limepakiwa mara ya ngapi, urefu. Boksi lisilo na karatasi baada ya miezi ni fumbo na fumbo halipigwi, linachomolewa.

Naweza kupiga risasi alizopakia rafiki yangu? Au kumuuzia zangu?

Mimi sipigi za mtu na sitoi zangu, hata kwa ndugu. Sio dharau, yeye hajui nilivyochungulia na mimi sijui alivyochungulia. Kuuza nimeshasema juu, bila leseni ni kesi.

Nina kopo la zamani la baruti, linafaa?

Fungua unuse, lakini kwa mbali. Nzuri ina harufu kidogo ya eta au spiriti. Iliyoharibika inanuka uchachu unaochoma pua, wakati mwingine ina vumbi jekundu kama kutu au mfuniko umeliwa, na hiyo haikai ndani ya nyumba hata usiku mmoja kwasababu inaweza kujipasha moto yenyewe. Kidogo kikiwa kimebaki watu wanainyunyizia nyembamba kwenye nyasi, nitrojeni yake ni mbolea. Ikiwa nyingi, au ni praima, usitupe kwenye taka wala chooni, piga simu polisi au klabu ya kulenga shabaha iliyo karibu uulize wanazipokea vipi, usiende nazo mkononi bila kuuliza kwanza.